Kroshia, Mimba na Pilikapilika za Kariakoo

Mjamzito mwenye duka Kariakoo hakosi muda wa kufuma. Anao, tena si haba, ila umekatwakatwa. Kuna dakika chache za asubuhi baada ya kupanga bidhaa, kabla wateja wa jumla kutoka mikoani hawajaanza kumiminika Mtaa wa Kongo. Kuna robo saa ya kusubiri mwendokasi Gerezani. Kuna benchi la kliniki, ambako foleni ya kupimwa presha, wingi wa damu na mapigo ya moyo wa mtoto inaweza kumla mtu saa mbili. Na jioni, nyumbani Buguruni au Kimara, kuna nusu saa ya kungoja maharage yaive huku mtoto wa darasa la tatu akiulizia jibu la hesabu. Vikusanye vipande hivyo kwa miezi mitano, vinatosha kumvalisha mtoto kutoka utosini hadi nyayoni. Shida ni kwamba havikusanyiki. Kila kimoja kinakuja peke yake na kuondoka peke yake.

Hapo ndipo kazi nyingi za mikono zinapofia. Mama ananunua mabonge sita ya uzi mimba ikiwa ya miezi minne, anaanza shali kubwa lenye maua ya kupishana, yale ya kuhesabu mishono kila mstari. Mteja akiita, hesabu inapotea. Anafumua mistari miwili, anaanza tena, mtoto mkubwa anarudi shule na njaa, hesabu inapotea tena. Kichanga kinazaliwa shali likiwa na upana wa shubiri mbili. Linakunjwa, linawekwa chini kabisa ya kabati, na mama anajiambia kuwa yeye ni mvivu.

Si mvivu hata kidogo. Amechagua kazi ya mtu mwenye saa tatu za utulivu, na saa tatu za utulivu hazijawahi kupatikana Kariakoo, hata kabla biashara ya saa 24 haijazinduliwa mitaani humo Februari 2025. Kazi ya mikono kwa mwanamke mwenye mimba, duka na watoto haichaguliwi kwa uzuri wa picha kwenye simu. Inachaguliwa kwa kuangalia siku yake ina mapengo gani, na kila pengo lina dakika ngapi.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue kufuma hapo Kariakoo, mahali ambapo seti za sweta, kofia na soksi za watoto zimening'inia kila mlango, za rangi zote, tena kwa bei ambayo wakati mwingine haifiki hata gharama ya uzi. Swali ni la haki na sitalizunguka. Anayefuma kwa ajili ya kuokoa pesa atavunjika moyo. Wanaofuma hufuma kwa sababu nyingine: mtoto apate kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, shangazi aliye mbali naye awe na mkono wake katika malezi, na mama mwenyewe, katika miezi ile ya wasiwasi, awe na kazi inayotulia mikononi wakati akili inahangaika. Sababu hizo zinanitosha. Ipo na nyingine kubwa kuliko zote hizo, nitaifikia mbele.

Kwanza chombo. Katika ufumaji wa sindano mbili, mishono yote ya mstari huwa wazi juu ya sindano. Mtoto wa miaka miwili akiivuta, mishono 60 inamwagika kwa mpigo mmoja na kazi ya jioni mbili imekwisha. Kroshia ina tundu moja tu lililo hai. Likichomoka, unafumua mshono mmoja au miwili, unaendelea. Unaweza kuacha katikati ya mshono, ukampimia mteja gauni, ukarudisha chenji, ukarudi ulipokuwa. Ni fupi, inaingia pochini kando ya kadi ya kliniki, na ndani ya mwendokasi iliyojaa haimchomi jirani ubavuni. Sindano mbili zina heshima yake, kwa maana kitambaa chake ni laini na kinavutika vizuri kwa soksi na sweta. Zibaki nyumbani, juu ya kabati, mbali na mikono midogo.

Halafu uzi. Nyuzi nyingi za bei nafuu madukani ni za akriliki. Zina rangi za kuvutia na hazipungui zikifuliwa, lakini hazinywi jasho, na Dar es Salaam ya Januari inafika nyuzijoto 32. Kwa mtoto wa mji huu tafuta uzi wa pamba. Usiupime kwa vidole vya mfanyabiashara vilivyozoea maboksi na kamba. Usugue taratibu upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale mshipa unapopigia, au shingoni. Ukikuwasha wewe, kichanga utamsumbua zaidi. Na nunua mabonge yote ya kazi moja siku moja, kwa sababu mzigo mpya ukija, bluu yake hailingani na bluu ya mzigo uliopita hata kama namba ya rangi ni ileile. Inaniuma kwamba nchi inayolima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza inauza sehemu kubwa ya pamba hiyo nje ikiwa ghafi, na mama wa Kariakoo anafumia uzi uliovuka bahari kuja kwake. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Uzi wote uwe ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kufunga mdomo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata isingepigwa marufuku haifai, maana vumbi la Kariakoo huingia kila penye upenyo na bonge jeupe hugeuka kahawia kabla kofia haijafika masikioni.

Tusisuke mkeka, tusuke ukili

Wanawake wa pwani walilitatua tatizo hili la muda uliokatika zamani sana, kabla uzi wa sufu haujafika huku. Msusi wa mkeka hakai chini kusuka mkeka. Anasuka ukili, ule utepe mrefu mwembamba wa miyaa au ukindu, anaukunja kadiri unavyorefuka. Anausuka barazani, anausuka msibani, anausuka huku mjukuu amelala miguuni. Mgeni akija, ukili unawekwa pembeni na hakuna kinachoharibika. Siku ukitosha ndipo unashonwa, upande kwa upande, na mkeka unaonekana. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu nazo huenda hivyohivyo. Kipande cha juu na kile cha kuzunguka kichwa hutobolewa na kuzungushiwa uzi kila kimoja peke yake, kwa wiki nyingi, na mwanamke anayezishona huwa na nyumba, watoto na jiko vinavyomsubiri. Kofia inaungwa mwishoni.

Kufuma kwa uzi kulikuja kwa mlango mwingine. Kulifundishwa katika shule za misheni, kisha katika vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950, ambako serikali ya kikoloni iliweka masomo ya kushona, kufuma na mapishi. Baada ya uhuru kukaingia katika sayansikimu na stadi za kazi shuleni. Huko kote kazi ilifundishwa kwa kipindi cha darasa, mwanafunzi amekaa kwenye dawati, akimaliza mgongo wa sweta ndipo anaanza kifua. Nadhani mazoea ya kuliona vazi kama kazi moja isiyogawanyika yalitokea huko, na yameendelea kuwatesa wanawake ambao maisha yao hayana kengele ya kipindi. Wasichana wanaojifunza kroshia siku hizi kwa video za simu wamerudi kwenye akili ya ukili pengine bila kujua. Wanafuma vipande vidogo, wanavirundika, wanaunga baadaye.

Chukua shali la mtoto. Badala ya kuanza cheni 150 na kwenda nazo huku na huko, fuma miraba. Mraba mmoja wa sentimita 12 una mizunguko minne au mitano, na mwenye mkono uliozoea huumaliza katika robo saa au zaidi kidogo. Miraba sita kwa sita, yaani 36, inatoa shali la sentimita 72 kila upande, linalotosha kumfunika kichanga mzima. Ukifuma miwili kwa wiki unahitaji wiki 18. Anza mimba ikiwa ya miezi minne, utaunga ukiwa unaingia wa tisa. Mraba unaingia mfukoni, hauna uzito mapajani, hauongezi joto, na ukipotea kwenye daladala umepoteza robo saa tu. Jambo moja lisilosemwa na wengi: kila mraba ukiisha, ficha mikia ya uzi palepale kwa sindano ya mkono. Ukiiacha, siku ya kuunga utakuta mikia 72 inakusubiri, na wengi hukata tamaa hapo wakati kazi yenyewe imekwisha.

Kuna wasioridhika bila sweta. Kwao nina habari njema ya zamani. Mwaka 1968 Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alibuni sweta ya mtoto inayofumwa kipande kimoja kwa sindano, mshono wa aina moja mwanzo hadi mwisho. Unapunguza mishono hapa, unaongeza pale, na kitambaa kinachotoka hakifanani na kitu chochote. Kisha kinakunjwa, kinashonwa mabegani, na sweta inajitokeza. Imefumwa duniani kote tangu hapo kwa sababu haimdai mfumaji kukumbuka mengi. Ni kazi ya nyumbani, ya Jumapili mchana, watoto wakiwa madrasa, kanisani au kwa bibi.

Kabla ya kuanza sweta yoyote, hesabu miezi kwa majira ya mahali mtoto atakapokuwa. Mtoto anayezaliwa Dar mwezi Desemba hahitaji sweta ya kichanga. Atakaa wiki zake za mwanzo kwenye joto la kiangazi, akivaa nguo nyepesi na kufunikwa kanga. Baridi yake, kama tunaweza kuiita baridi, ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, na wakati huo atakuwa na miezi sita hadi minane. Basi mfumie saizi hiyo. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wana nyumba mbili, ya mjini na ya kwao. Mkinga anayerudi Makete katikati ya mwaka anampeleka mtoto kwenye ubaridi wa kweli, na hapo uzi wa sufu unastahili gharama yake. Mchaga anayepanda Kilimanjaro Desemba na familia nzima anahitaji sweta ya jioni ya Marangu au Machame, hata kama mtoto alizaliwa Ilala juzi.

Mwili una kauli yake

Miezi mitatu ya kwanza, wengi hawawezi hata kunusa uzi mpya. Kichefuchefu hakina adabu. Asiyeweza asijilazimishe. Miezi ya kati ndiyo ya nguvu, na kazi zote kubwa zifanyike hapo. Kuanzia wa saba, tumbo linachukua mapaja, na kilichobaki ni miraba, kofia na soksi.

Vidole navyo vinabadilika. Wajawazito wengi hufa ganzi vidoleni miezi ya mwisho, hasa usiku, kwa sababu maji yanayojaa mwilini hubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Kroshia yenye mpini mnene husaidia, na kupumzisha mikono kila baada ya mizunguko michache husaidia zaidi. Usikae kwenye kigoda saa nzima bila kunyanyuka. Simama, tembea hadi duka la tatu, rudi. Miguu iliyokaa muda mrefu hujaa, na damu inayotembea pole ina hatari zake kwa mjamzito.

Ila hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mikono au uso ukivimba ghafla, kichwa kikauma sana kisitulie, macho yakaona ukungu au nyota, au maumivu yakashika chini ya kifua, usiseme ni uchovu wa kufuma. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Funga duka, nenda hospitali saa hiyohiyo, mchana au usiku. Uzi unasubiri.

Kuna pia kauli ya wazee. Katika kaya nyingi za mji huu nguo za mtoto haziandaliwi mapema, wala mimba haitangazwi. Kumwandalia aliye bado tumboni kunaonekana ni kumtafutia mkosi. Mimi siidharau hofu hiyo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Nyuma ya tahadhari za bibi zetu kuna nguo ndogo zilizowahi kurudishwa sandukuni bila kuvaliwa. Anayeishi na mama mkwe mwenye msimamo huo hana haja ya kugombana naye. Afume miraba; mraba hauna jina la mtu, unaweza kuwa wa kitambaa cha kochi. Au afume kofia kwa ajili ya mtoto wa mwingine, jambo ambalo hakuna mila inayolikataza.

Na baada ya kujifungua? Arobaini si ya kufuma. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wajawazito wengi wakijiwekea ahadi ya kumalizia shali wakati wa arobaini, eti watakuwa wamekaa tu. Hakuna kukaa tu. Kunyonyesha kunataka mikono miwili, hasa wiki za mwanzo ambapo mtoto na mama wote wanajifunza. Muda unaobaki ni wa kulala, kunywa uji na supu, na kuogeshwa na mwenye kujua. Kazi iliyobaki apewe wifi, mama mdogo au shangazi, nao wana mikono.

Wengine hawana hata hiyo arobaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na saa mbili za kunyonyesha katika siku ya kazi anaporudi. Baba anapewa siku tatu. Mwenye meza ya nguo za ndani pembeni ya Mtaa wa Msimbazi hana mwajiri wa kumdai siku hata moja. Siku asipofungua, kodi ya fremu au ushuru wa eneo haupungui, na mtu mwingine anaweza kuchukua nafasi yake. Wapo wanaorudi kichanga kikiwa na wiki tatu, kimefungwa kwa kitenge mgongoni. Mtu anapowashauri wanawake hawa wajipangie muda wao wa ufumaji, akumbuke kwanza kwamba muda wao umepangwa na wengine. Wanachoweza kuchagua ni ukubwa wa kazi inayoingia katika kilichobaki.

Kofia

Nimesema kuna sababu kubwa kuliko zote. Ni kofia.

Kichwa cha kichanga ni kikubwa kulinganisha na mwili wake, na joto jingi hupotea hapo, zaidi akiwa bado na unyevu wa kuzaliwa. Aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngozi nyembamba na karibu hana mafuta chini yake. Anapoa haraka hata Dar es Salaam, hata wodi ikiwa na joto linalowatoa jasho wauguzi. Akipoa anatumia nguvu zake kidogo kutafuta joto, ananyonya vibaya, na mengine yanafuata.

Dawa yake kubwa ni kifua cha mama. Huduma ya Kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Mtoto anawekwa wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa kitambaa. Kwetu ni kanga au kitenge. Kwa miaka mingi madaktari walisubiri mtoto atulie kwanza ndipo apelekwe kifuani. Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo kupitia Jangwani, ilikuwa mojawapo. Matokeo yalichapishwa Mei 2021. Katika waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Katika waliosubirishwa, asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi kiasi kwamba isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa miongozo mipya inayotaka huduma hiyo ianze mara tu mtoto anapozaliwa.

Sasa angalia mtoto wa Kangaruu amevaa nini. Hana sweta, kwa sababu sweta ingezuia ngozi ya mama. Hana shali. Ana nepi, soksi na kofia, basi. Vile vitu viwili vidogo ambavyo mfumaji huvidharau, anavyovifuma mwishoni kwa uzi uliobaki, ndivyo vinavyoingia kifuani pamoja na mtoto. Na vinalowa, vinachafuka, vinabadilishwa. Mtoto mmoja hatosheki na kofia moja.

Na kofia ndiyo kazi inayokaa sawasawa katika mapengo ya siku ya Kariakoo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, ambaye kichwa chake huwa na mzingo wa sentimita 33 hadi 35, fanya hivi. Funga cheni nne kuwa duara. Mzunguko wa kwanza weka mishono mirefu 12 ndani ya duara. Wa pili, miwili juu ya kila mmoja, inakuwa 24. Wa tatu, ongeza mmoja kila baada ya mmoja, inakuwa 36. Wa nne, ongeza mmoja kila baada ya miwili, inakuwa 48. Laza kitanga hicho mezani, upime kwa rula. Kikiwa na upana wa sentimita 10 hadi 10 na nusu, acha kuongeza. Kikipungua, badili kroshia uchukue nene zaidi. Kikizidi, chukua nyembamba. Kutoka hapo nenda mizunguko sita bila kuongeza wala kupunguza, na kofia itakuwa na kina cha sentimita 13 hivi. Mizunguko kumi yote. Mzunguko mmoja wa mishono 48 ni dakika tano hadi kumi kwa mkono wa kawaida, yaani mteja mmoja anayepita bila kununua.

Kwa njiti ishia mishono 36, kitanga cha sentimita nane hivi, na kina kipungue hadi sentimita 10 au 11. Usiweke kishada juu, wala kifungo, wala shanga, wala utepe wa kufunga kidevuni. Kinachoweza kung'oka kitafika mdomoni, na kinachoweza kuzunguka shingo kitazunguka. Usifume kwa matundu makubwa. Ndani ya soksi hasa, kagua kila uzi unaoning'inia na uukate, maana uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu bila mtu kuona, mpaka kidole kivimbe.

Kumbuka pia kwamba joto linaua kwa njia zote mbili. Mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati, akiwa nyumbani mchana wa Februari, hahitaji kofia ya kufuma na sweta na soksi na blanketi kwa pamoja. Tumelizoea hilo mno mjini kwetu. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Akiwa ana jasho, mvue.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya mara nane badala ya mahudhurio manne ya zamani. Mahudhurio manane ni mabenchi manane. Mwenye kroshia pochini akifuma nusu ya kofia kila benchi, na nusu nyingine dukani wiki hiyohiyo, anafika siku ya kujifungua na kofia nane. Mtoto wake zinamtosha tatu.

Zile tano nyingine ndizo ninazoziombea hapa. Wewe unayesoma, uwe mjamzito, au umeshamaliza kuzaa, au hujawahi, au wewe ni baba mwenye vidole viwili vinavyosikia: fuma kofia za njiti kwa uzi wa pamba, zifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, zikauke kabisa juani, uzifunge kwenye kitambaa safi. Kabla ya kuzipeleka, mwone muuguzi wa zamu wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali iliyo karibu nawe, Muhimbili, Amana, Temeke au Mwananyamala, umuulize wanapokea vipi na saizi gani zinapungua. Kila wodi ina utaratibu wake wa kuzuia maambukizi, na utaratibu huo uheshimiwe. Ukiambiwa wanahitaji soksi kuliko kofia, fuma soksi.